Kibuyu Kilichooshwa kwa Sabuni

Harufu ilinikuta kwenye ngazi, ghorofa ya pili, kabla sijaujua mlango wenyewe. Ilikuwa Ijumaa mchana huko Najma, ile saa ambayo maduka yamefungwa kwa ajili ya sala na mitaa imebaki na paka peke yao, na jengo lile kuukuu lilikuwa limejaa mapishi ya kila mlango: vitunguu vya Wanepali, samaki wakavu wa Wafilipino, wali wa bizari wa chumba cha madereva kutoka Kerala. Nilikuwa napanda polepole kama mtu anayetamani lifti iharibike hata mahali pasipo na lifti. Kisha chini ya harufu hizo zote ikaja nyingine, ya mti uliochomwa na maziwa yaliyochacha, na mguu wangu ukakataa kukanyaga ngazi iliyofuata. Nilishika ukuta. Ukuta ulikuwa wa moto kwa jua la Doha, lakini mimi nilikuwa tayari nimesimama kwenye sakafu ya udongo iliyopoa, katika nyumba ya bibi yangu kwenye vilima vya Bomet, nikiwa na miaka tisa.

Nilikuwa na miezi minane Katar wakati huo. Nafanya kazi kwenye dirisha la mapokezi la kliniki moja ya meno, naandika majina ya wagonjwa na kuwaomba wakae, na ninaishi Fereej Bin Mahmoud, chumba kimoja na wasichana wawili kutoka Kisii. Shangazi yangu Chelangat, dada mdogo wa baba, amekaa mji huu karibu miaka ishirini, akilea watoto wa familia moja kule Al Rayyan. Kila baada ya Ijumaa moja hupewa mapumziko, na huja kula Najma kwa mwanamke Mkenya anayeitwa Mama Brayo, ambaye huwapikia watu wa nyumbani siku hiyo. Kwa hiyo kwa miezi minane tulikuwa mji mmoja, dakika ishirini kwa basi, na nilikuwa nimemwona mara moja tu, siku niliyotua. Mara nyingine zote nilimwambia nina zamu. Sikuwa na zamu. Siku hiyo nilikwenda kwa sababu baba alikuwa amenipigia na kuniambia kwamba watoto wa ile familia wamekua, bibi kizee wa nyumba amefariki, na shangazi anarudi nyumbani moja kwa moja.

Nianze na maziwa yenyewe, maana si kila msomaji anayajua. Kwetu, sisi Wakale, huitwa mursik. Huwekwa katika kibuyu kirefu kilichosuguliwa kwa maji ya moto na kijiti chenye nyuzi ngumu mwishoni, kisha kukaushwa. Mwanamke huchukua kijinga cha mti uitwao senetwet, akakitia ndani kikiwa bado chekundu, na kwa kile kijiti hukiponda na kusugua kuta za ndani hadi ziwe na rangi ya samawati iliyokolea, karibu nyeusi. Majivu ya ziada hukung'utwa. Ndipo humimina maziwa yaliyochemshwa na kupoa, akafunga mfuniko wa ngozi, na kukilaza kibuyu pahali penye giza. Baada ya siku chache ni maziwa mazito ya kunywa. Lakini bibi yangu, ambaye sote tulimwita Kogo, alikuwa na kibuyu kimoja kikubwa cha wageni ambacho aliletewa na mama yake alipoolewa, na hicho hakikuwa cha siku chache. Kila wiki maji ya juu yalimwagwa na maziwa mapya kuongezwa, yakaganda juu ya yaliyoganda, hadi kilichotoka mwishoni hakikuwa kinywaji tena. Kilikuwa jibini, laini, lenye mishipa ya kijivu, linalokatika kwa kijiko na kukwaruza ulimi kidogo kabla ya kuyeyuka. Nimeona majokofu ya maduka makubwa ya Doha yenye majibini ya kila nchi yenye ng'ombe, na mengine ya nchi ambazo sikudhani zina ng'ombe. Nimeonja mengi. Hakuna lililowahi kunikwaruza ulimi namna ile.

Nilikuwa nayapenda maziwa hayo kwa tamaa ya aibu. Kogo alipofungua kibuyu kidogo cha kila siku, mimi ndiye niliyepewa mfuniko niulambe, na nililamba hadi ngozi ikabaki nyeupe. Binamu zangu walinicheka kwamba nitaota masharubu ya majivu. Nilikuwa mtoto wa pekee katika nyumba ile wakati huo, kwa kuwa mama na baba walifanya kazi kwenye majani chai Kericho na kuja mwisho wa mwezi, na shangazi Chelangat ndiye aliyenilea kwa mikono yake. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alinisuka, alinifundisha kusoma saa, alinibeba mgongoni kuvuka mto mdogo wakati wa mvua ingawa miguu yangu ilikuwa tayari inaburura. Aliimba akikamua, nyimbo za kanisani kwa maneno aliyoyabadilisha ili ng'ombe wajue wanaimbiwa wao. Vibuyu vyote vilikuwa kazi yake, na majirani walisema wazi kwamba maziwa yake yameanza kushinda ya Kogo.

Msimu ninaousimulia ulikuwa wa mvua fupi, mahindi yakiwa yamefika kiunoni kwangu. Kulikuwa na mwalimu wa shule ya upili, Ngetich, mtu wa kuelekea Sotik, aliyekuwa akipita njia yetu mara nyingi kuliko ambavyo njia ile ilimfaa. Alikuwa na pengo dogo kati ya meno ya mbele na alicheka kichwa kikiwa nyuma. Mara moja alinikuta nimekaa langoni, akaniuliza kama shangazi yangu yupo, na nilipojibu yupo akasema basi anapita tu. Alipita tu hivyo mwaka mzima. Hatimaye wazee wa kwao walituma neno kwamba wangependa kuja kuketi na wazee wetu, na nyumba yetu ikaanza kupakwa udongo mpya. Ilipangwa waje baada ya wiki tano, ili kibuyu cha wageni kiwe na muda wa kutosha. Kwetu maneno ya uchumba hunenwa kwanza, kwa mizunguko yote yanayostahili, na yakishakubaliwa ndipo maziwa ya nyumba ya binti huletwa. Kibuyu hicho hakionjwi na yeyote kabla ya wageni. Anayekitunza anaruhusiwa kumwaga maji na kuongeza, lakini ulimi wa kwanza ni wa mgeni. Mzee wao mkubwa akinywa na kumpa aliye kando yake, na kikombe kikarudi kitupu, mambo yameisha. Binti amejulikana ni mtu wa namna gani.

Wiki hiyo hiyo mwalimu wetu wa darasa la tatu alitufundisha usafi. Alichora kwenye ubao kijidudu chenye miguu mingi na meno, akasema kinaishi ndani ya vyombo ambavyo havijaoshwa kwa sabuni, na kwamba kinaua watoto kwa kuhara. Alituambia twende nyumbani tukawe walimu wa wazazi wetu. Nilimwamini kwa moyo wangu wote. Nilirudi nikamkuta shangazi ameshasugua kibuyu cha wageni kwa maji ya moto na kukiacha kikauke juani, naye ameenda mtoni kufua mablanketi. Nilikiangalia kile kibuyu. Niliwaza kijidudu kimekaa ndani, kwenye giza, kikingoja wazee wa Sotik. Nikawaza Ngetich anakufa kwa kuhara. Nikachukua sabuni ya unga, kikombe kizima, nikaitia ndani na maji, nikatikisa kwa nguvu zangu zote hadi povu likatoka mdomoni mwa kibuyu kama mtoto anayetema mate. Nilisuuza mara tatu. Nikakirudisha pale pale, nimekigeuza vile vile kilivyokuwa kimegeukia jua. Sikumwambia mtu kwa sababu nilitaka iwe zawadi.

Mtu yeyote wa kwetu aliyevuka umri wangu wa wakati ule angeniambia kwamba kibuyu si sufuria. Kibuyu kinakunywa. Kimekunywa maziwa na moshi kwa miaka sitini, na ukikipa sabuni kitakunywa sabuni, na hakitaitoa tena. Shangazi alirudi, akachoma kijinga chake, akasugua kuta, na moshi ukaifunika harufu. Akamimina maziwa. Wiki baada ya wiki akamwaga maji na kuongeza, bila kuonja, kama ilivyopasa.

Wageni walikuwa watano. Mkubwa wao alivaa kofia ya pama na koti zito ingawa kulikuwa na joto, na alizungumza kwa upole uliowafanya wazee wetu nao wazungumze kwa upole. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango nikiruhusiwa kubaki kwa sharti la kutokuwapo. Maneno yalikwenda vizuri hadi mzee wa kofia akatania kwamba wamekuwa wakisikia kuhusu maziwa ya nyumba hii tangu Sotik, na kama ni uongo waambiwe mapema warudi kwao kungali mchana. Watu walicheka. Shangazi akaingia, kichwa kimeinama, akafungua kibuyu mbele yao na kumimina. Maziwa yalitoka mazito, kwa vipande, na chumba chote kikavuta pumzi kwa raha. Mzee akapokea kikombe kwa mikono miwili. Akanywa. Nakumbuka koo lake lilivyosimama katikati ya kumeza, kisha likamalizia kazi yake kwa adabu. Akampa aliye kando yake, naye akanywa kidogo, akampa wa tatu. Hakuna aliyetema. Kikombe kilirudi kikiwa karibu kimejaa. Mzee akakiweka chini taratibu, akapangusa mdomo, akasema kwamba siku imekuwa njema, nao wataenda kushauriana na watu wa nyumbani.

Walipoondoka, Kogo alichukua kikombe kile kile, akaonja, akatema kwenye majivu ya mekoni. Kisha akauliza ni nani ameosha kibuyu cha mama yake kwa sabuni. Mimi nilikuwa mlangoni, mikono nyuma. Nilifungua kinywa, hilo nalikumbuka kwa hakika, na hakikutoka kitu. Na shangazi, ambaye alikuwa amepiga magoti akikusanya vikombe, akasema, "Ni mimi, Mama. Nilikuwa nafua siku ile. Mikono yangu ilikuwa na sabuni."

"Mikono," Kogo akasema. "Hii si ya mikono, Chelangat. Msichana wa miaka tisa angefanya hivi ningempiga na kusahau. Wewe una ishirini na mitatu. Hukusahau. Umedharau."

Nilitoka nje, nikaenda nyuma ya zizi. Shangazi alinifuata baadaye akanikuta nalia, akaniuliza nini, nikasema tumbo. Alikaa chini kwenye nyasi, akaniweka mapajani, akanisugua tumbo kwa muda mrefu akitazama mahindi. Nilijiambia siku ile, na nikaendelea kujiambia kwa miaka, kwamba aliamini kweli ni mikono yake. Alikuwa amefua. Alisema mwenyewe. Mtoto anayeogopa hupata maelezo haraka na huyatunza vizuri.

Watu wa Sotik hawakuvunja chochote, kwa kuwa hakukuwa bado na kitu cha kuvunja. Hawakurudi tu. Ngetich alikuja mara moja, jioni moja kabla ya jua kuzama, akasimama upande wa pili wa ua na shangazi upande huu, na walizungumza kwa sauti ambayo sikuisikia. Hakucheka. Mwaka uliofuata alioa kwingine. Na shangazi akapata jina. Kule mtoni, sokoni, hata baada ya ibada, akawa yule wa sabuni. Halikusemwa kwa ukali. Lilisemwa kama unavyosema yule mrefu, yule wa duka. Wachumba wengine walioulizia waliambiwa habari hiyo kama jambo dogo la kuchekesha, na wakaenda nalo. Kogo hakumgusisha tena kibuyu. Cha mama yake alikichoma moto, akakaa kando kukiangalia hadi kikaisha.

Siku shangazi alipoondoka kwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani, nilimsindikiza hadi kituo cha basi nikiwa nimebeba mfuko wake mdogo. Basi lilikuwa limeshapiga honi. Alinishika mabega, akainama hadi uso wake ukawa sawa na wangu, akaniuliza, "Cherono, huna la kuniambia?" Nilikuwa nalo. Lilikuwa limenijaa hadi kwenye meno. Nikamwambia aniletee viatu vyekundu. Alinitazama kidogo zaidi, akasema sawa, akapanda. Alivituma, na akatuma vingine mwaka uliofuata, akikisia mguu wangu kwa mbali, vikubwa kila mara.

Tangu msimu ule sikunywa tena mursik. Nilisema yananiumiza tumbo, na kwa kuwa nilikuwa nimeshalisema hilo mara moja, liliaminika. Nilikwenda sekondari, nikaenda chuo Nairobi, nikaajiriwa na kuachishwa, nikaja huku, na kila mahali nilikutana na watu wa kwetu wakinishangaa. Kogo alifariki nikiwa chuo. Shangazi aliomba ruhusa ya kuja kuzika na haikupatikana.

Basi hiyo ndiyo harufu iliyonishika kwenye ngazi za Najma. Mama Brayo alifungua mlango akiwa na mwiko mkononi, mwanamke mnene mchangamfu kutoka Kitale, akanivuta ndani kama mzigo uliochelewa. Chumba kilikuwa na vitanda viwili vilivyosukumwa ukutani na mkeka katikati. Shangazi alikuwa amekaa sakafuni, amenyoosha miguu. Nilikuwa nimesahau jinsi alivyo mdogo wa umbo. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwenye viungo, na nywele za mbele zimekuwa nyeupe. Pembeni yake kulikuwa na chupa kubwa ya kioo iliyokuwa na achari zamani, na ndani yake maziwa ya rangi ya jivu.

Alinieleza namna alivyoyatengeneza, kwa fahari ya kitoto. Vijiti vya senetwet alitumiwa na dereva mmoja kutoka Litein, vimefungwa ndani ya soksi. Alivichoma katika jiko la nje la nyumba ya Al Rayyan, juu ya chetezo ambacho wenyeji hufukizia udi, hadi mfanyakazi mwenzake akauliza huu ni udi gani unaonuka shamba. Kibuyu hakuwa nacho, alisugua chupa. Bibi kizee wa nyumba, kabla hajafa, alikuwa akidai kijiko kila wiki. Alikuwa akisema yanamkumbusha maziwa makavu ya utoto wake, yale yaliyoanikwa juu ya hema, na wanawe wakidhani anaweweseka. Mama Brayo alinimiminia bakuli bila kuuliza. Nikasema asante, mimi sinywi.

"Ati hunywi," Mama Brayo akasema. "Wewe ni Mkale wa aina gani? Huyu amechoma udi wa watu kwa ajili yako, na wewe unaniletea diet hapa."

"Mwache," shangazi akasema. "Yanamuuma tumbo. Tangu mdogo."

Alilisema bila kuniangalia, akikunja ncha ya mkeka. Mama Brayo akarudi jikoni kuangalia chapati zake. Nilichukua bakuli lile. Nilikula kijiko cha kwanza, na yalikwaruza, na yakayeyuka, na nilikuwa nimeyapenda miaka yote hiyo bila kupungua. Machozi yalitoka kabla ya maneno. Nilimwambia. Nilimwambia kijidudu cha ubaoni, kikombe cha sabuni, povu, kusuuza mara tatu. Nilizungumza kama mtoto wa darasa la tatu kwa sababu aliyekuwa na habari hiyo alikuwa ni mtoto wa darasa la tatu, hakuwahi kupewa nafasi ya kukua.

Shangazi alisikiliza hadi mwisho. "Najua," akasema.

Nikamuuliza tangu lini.

"Tangu nyuma ya zizi. Mtoto anaumwa tumbo, halafu mikono ameikalia. Nikaona." Alifunga kifuniko cha chupa, akakifungua tena. "Ungekuwa mimi ungerudi ndani ukasema nini? Ni mtoto? Wangeuliza mtoto ameachwaje na kibuyu. Ingekuwa ni mimi tu. Basi nikaona yabaki kwa mmoja."

Nilisema samahani. Neno lilionekana dogo mno pale mkekani, kati ya chupa na bakuli.

"Hiyo ya sabuni sikukukasirikia, Cherono. Ulikuwa na miaka tisa. Lakini nilikungoja. Nilikuuliza kituoni, ukaniomba viatu. Nikaja likizo, ukiwa sekondari, nikasema ataniambia. Nikaja tena. Ulipotua hapa nikasema sasa, sasa ni mtu mzima, atakuja Ijumaa. Miezi minane. Hapo ndipo paliniuma."

Nilimuuliza kama alimpenda yule mwalimu. Alifikiri kwa haki, kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu alichokiuza zamani. "Alikuwa anacheka vizuri," akasema, kisha akaniambia nimalize maziwa, maana yeye Alhamisi ya wiki inayofuata anasafiri na hakuna atakayeyamaliza. Wakati naondoka aliongeza, akicheka kidogo, kwamba anajua wakimwona tu akishuka langoni watasema yule wa sabuni amerudi. Nikamwambia nitawaeleza. Akauliza nitamweleza nani. Kogo amekwenda. Wazee wa siku ile wamekwenda, isipokuwa mmoja, na huyo mmoja hasikii.

Nimekuwa nikiifikiria kliniki ninayofanyia kazi. Kila chombo hupikwa kwa mvuke, hufungwa katika karatasi ya bluu, hupigwa muhuri wa tarehe. Wauguzi hunawa hadi kwenye viwiko. Mwalimu wangu angelia kwa furaha. Kila kitu katika maisha yangu ya leo kinasema kwamba nilikuwa sahihi kukiosha kile kibuyu, na hakuna hata kimoja kinachojua kilichopotea. Wakati ule dunia yangu ilikuwa na vilima viwili na mto, na kosa la mchana mmoja liliweza kuizunguka yote kabla ya giza. Leo nina simu inayofika Bomet kwa kubonyeza kidole, na nilikaa nayo mapajani siku tatu nzima kabla ya kubonyeza.

Nilimpigia baba, nikamweleza yote. Nilisikia kuku. Kisha akasema kwamba yeye pia alimtania dada yake kwa jina hilo, mara nyingi, mezani, akidhani ni mzaha. Nikamwomba awaambie watu kabla shangazi hajafika. Akakataa. Hakukataa kwa hasira. "Haya si ya simu," akasema. "Lilisemwa nyumbani, watu wameketi. Njoo useme wewe, watu wakiwa wameketi. Mimi nitawaita."

Asubuhi iliyofuata nilichukua fomu ya likizo ya dharura. Ina visanduku vitatu vya sababu: ugonjwa, msiba, ndoa. Niliishika kalamu muda mrefu hadi foleni ya wagonjwa ikaanza kukohoa. Kisha nikaweka alama kwenye ndoa. Msimamizi wangu, Msudani mpole mwenye miwani, aliisoma, akasema mabruki, yaani hongera, akauliza ni ya nani. Nikasema ya shangazi yangu. Akauliza mbona ghafla. Nikamwambia si ghafla, ilikuwa ifanyike zamani, ikachelewa kwa kosa langu. Hakuuliza zaidi. Alifungua kalenda yake, akahesabu zamu kwa kidole, na kusema kabla ya Jumapili hana mtu wa kukaa dirishani. Nikaomba Alhamisi. Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, akapiga muhuri kwenye Jumapili.

Kwa hiyo atanitangulia kwa siku tatu. Atashuka langoni, watu watatoka kumpokea, na mtu atalisema lile jina kwa furaha, bila ubaya wowote, naye atacheka. Amelibeba miaka ishirini na zaidi kwa ajili yangu, na nimeshindwa kumpunguzia hata hizo siku tatu.